Mpwa Wangu, Boti ya Petroli na Pistoni ya Mteja

Nina karakana ndogo hapa Kitale. Tunatengeneza pawaso, mashine za kukata nyasi na pampu za kupulizia dawa. Nilimchukua mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Bungoma, nimfunze kazi. Ana miaka 21, ana mkono mwepesi, na mimi ndiye niliyemvika luliki, ile nyama ya shingoni, alipotahiriwa, kwa hiyo ni kama wangu. Shida ni boti. Alipata bodi ya boti ya faibagilasi, urefu wake mita moja na ushee, akaifunga injini ya mashine ya kukata nyasi na kuiendesha kwa rimoti. Sasa kila jioni ni boti. Mara anakata sailensa, mara anaomba pesa aagize egzosi maalumu kutoka ng'ambo, na juzi nimemkuta anataka kupanua matundu ya silinda kwa tupa.

Desemba alienda nayo nyumbani akaitia bwawani, watu wakitazama. Hapa Kitale ilikuwa inalia vizuri sana. Kule ilikimbia dakika chache, rimoti ikakataa kushika, boti ikaenda moja kwa moja hadi ukingoni, watoto wakatawanyika. Hakuna aliyeumia. Ilipokwama matopeni injini ilikuwa imeshika. Tulipoifungua tukakuta pistoni imechubuka upande wa egzosi, na plagi ni nyeupe kama chaki.

Januari nikagundua kwamba pistoni mpya niliyomwekea mteja imeingia kwenye boti. Mteja alipokuja kuchukua mashine yake nilikosa pa kuuweka uso. Dada ananilaumu kwamba nimemwacha mwanaume achezee vitu vya watoto. Mke wangu anasema arudi Bungoma. Nami nina mzigo wangu: wateja wa upande wa Bungoma wananirudishia pawaso nilizoziseti kwa mkono wangu, wanasema zinapata moto na kukosa nguvu. Sina nafasi ya kusimamia boti. Nimfukuze, au niivunje hiyo boti abaki na kazi?

Mjomba, Kitale

Ndugu yangu,

Nianze na pistoni ya mteja, kwa sababu jambo hilo halina pande mbili. Kijana alichukua mali ya mtu akaitumia kwa starehe yake. Aende yeye mwenyewe kwa huyo mteja, si wewe, akiwa na pistoni mpya mkononi, amwambie alichofanya na aifunge mashine ile mbele yake bila malipo ya kazi. Gharama ya pistoni ikatwe kwenye ujira wake kidogo kidogo hadi iishe. Kuanzia wiki hii kila spea inayoingia na kutoka iandikwe daftarini, hata zile unazochukua wewe mwenye karakana. Karakana nyingi za jua kali hazina daftari, na ndugu hukosana kwa vitu vidogo ambavyo mstari mmoja wa kalamu ungevimaliza.

Jambo la pili ni zito kuliko la kwanza, nami naona barua yako imelipita haraka mno. Boti ya namna hiyo, ikiwa na injini ya cc 26 hivi na petroli ndani, inaweza kufika kilo 7 au 8. Iliyotengenezwa vizuri hupita kilomita 80 kwa saa. Haina giabox, propela yake huzunguka sawa na injini, mizunguko 10,000 kwenda juu kila dakika, na propela za mbio ni za chuma zilizonolewa. Watoto waliotawanyika pale ukingoni walinusurika. Mwambie hivyo kwa maneno hayo, na usimruhusu aitie boti majini tena mpaka akuonyeshe mambo mawili yakifanya kazi.

La kwanza ni kwamba rimoti ikipotea, injini inashuka yenyewe. Rimoti za siku hizi, zinazotumia mawimbi ya 2.4 GHz, nyingi zina mpangilio huo, lakini ni lazima mtu auseti siku anapounganisha rimoti na risiva. Ujaribuni mezani: injini imezimwa, rimoti imewashwa, kijana avute akselereta hadi nusu, kisha azime rimoti ghafla. Servo inatakiwa irudi yenyewe na kuifunga kabureta. Ikibaki pale ilipo, mmeshajua kilichotokea Desemba. Atazame na antena ya risiva pia. Mawimbi hayo hayapiti majini, na antena iliyolala chini ya bodi, karibu na maji, hupoteza mawasiliano mapema. Inapaswa kusimama juu. Na aangalie plagi aliyofunga. Sandukuni mwako najua kuna NGK za pawaso. Ile iliyoandikwa BPMR7A ina kizuizi ndani, hiyo R ndiyo inayoonyesha, na isiyo na R humwaga kelele za umeme zinazoweza kuivuruga risiva.

La pili ni kwamba injini inazima hata betri ya risiva yenyewe ikifa au waya wake ukichomoka kwa mtikisiko. Hapo servo haina nguvu ya kurudi popote. Dawa yake mpwa wako anaijua tayari, kwa sababu ni waya uleule anaoushika kila siku kwenye swichi ya pawaso: ukiuunganisha na bodi ya injini, cheche inakufa. Afunge relei ambayo umeme wa risiva ndio unaoishikilia wazi. Umeme ukikatika, relei inajifunga na injini inazima. Kwa kijana wa karakana hiyo ni kazi ya jioni moja.

Na bwawa lenyewe lichagueni vizuri. Injini ya mipigo miwili hutema sehemu ya oili yake nje pamoja na moshi, na moshi wa boti huishia majini. Pale watu wanapochota maji au ng'ombe wanapokunywa si mahali pake. Trans Nzoia ina mabwawa ya mashambani yaliyochimbwa tangu enzi za masetla; muulizeni mwenye shamba, mwende asubuhi, watazamaji wasimame upande mmoja tu, nyuma ya kijana, wala asiwepo mtu ng'ambo. Saiwa msifikirie hata kidogo, ile ni hifadhi ya taifa na nzohe waliomo hawataki kelele.

Sasa nije kwenye swali lako, na lawama ya dada yako kuhusu utoto. Mimi sikuona utoto katika barua yako. Niliona mambo mawili uliyoyaandika mbalimbali, moja la boti na jingine la wateja, ilhali ni jambo moja.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Bungoma mjini ni karibu mita 1,400. Hewa ya Kitale ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya sita, na ukiteremka kwa Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye na kuingia Bungoma, hewa inazidi uzito kwa kama asilimia 5. Kabureta ya injini hizi haijui imehama. Injini ya mpwa wako ilipokuwa Kitale ilipata hewa kidogo kulingana na petroli, ikawa nzito, inabubujika, haipandi. Akafanya ambacho fundi yeyote angefanya: akaifunga skrubu ya H kidogo, halafu kidogo tena, hadi ikalia vile ulivyosema, vizuri sana. Ikafika ukingoni kabisa. Kisha akaipakia kwenye matatu akaishusha mita 500. Hewa ikaongezeka, petroli haikuongezeka kwa kiasi hichohicho, na kwa kuwa oili ya injini hizi husafiri ndani ya petroli, injini ilipopungukiwa na moja ilipungukiwa na nyingine. Plagi ikawa nyeupe. Pistoni ikapata moto upande ule unaopitwa na moshi, ikavimba, ikachubuka palepale ulipoona.

Pawaso zako nazo unaziseti wapi? Hapo mlangoni pa karakana, Kitale, hadi zilie safi. Mteja anazipeleka Bungoma, au chini zaidi kuelekea Malaba, anaangusha mti mkubwa na kuifungulia mashine hadi mwisho kwa dakika nyingi mfululizo. Sisemi tofauti hiyo ya hewa peke yake huua pawaso. Iliyosetiwa na nafasi ya kupumua haitaona shida. Inaua ile iliyobanwa hadi ukingoni. Kabla ya kulaumu petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo nayo ipo, chukua moja ya mashine zilizorudishwa, toa sailensa, angalia pistoni kupitia tundu la egzosi. Ukikuta mchubuko kama wa boti, umepata jibu la wateja wako, na aliyekuletea ni huyo unayetaka kumfukuza.

Ndiyo maana ninamtetea. Pawaso humvumilia fundi. Inasetiwa kwa sikio, mara nyingi inafanya kazi dakika mbili, inapumzika, na kosa lake huonekana baada ya miezi, mikononi mwa mtu mwingine. Boti haivumilii. Maji yanaishika propela bila kuachia, injini iko wazi hadi mwisho muda wote, na kosa linajitokeza siku hiyohiyo mbele ya aliyelifanya. Kijana aliyejifunza kuiseti boti ikaenda robo saa bila kushika ataiseti pawaso yoyote. Na vifaa ni vilevile. Injini ya boti inayojulikana zaidi Marekani na Ulaya, Zenoah G260 ya cc 25.4, inatoka kwa Wajapani waliokuwa wakitengeneza mashine za kukata nyasi na pawaso, na kabureta yake ni Walbro ndogo yenye skrubu za H na L, jamii moja na zile mnazozifungua hapo kila siku.

Lakini afundishwe mpangilio, maana naona anataka kuanzia mwisho.

Kabla ya kuongeza nguvu, aipoze injini. Injini ya kukata nyasi hupozwa na feni na kifuniko chake. Ukiifungia ndani ya bodi ya boti iliyofunikwa, feni inazungusha hewa ileile ya moto. Injini za boti hubadilishwa kichwa au kuvikwa koti la maji, maji yakichotwa nyuma karibu na usukani kwa kasi ya boti yenyewe, yakazunguka silinda na kutoka ubavuni. Yakitoka lazima muyaone kwa macho, mrija usio na kizuizi, na boti ikirudi maji hayo yawe vuguvugu ya kuweza kuvumilika kidoleni. Kama yake haina koti la maji, hiyo ndiyo pesa ya kwanza, si egzosi.

Halafu oili. Pawaso zenu mnazichanganyia moja kwa hamsini, yaani mililita 20 kwa lita, na kwa oili nzuri inatosha. Watu wa boti huweka mara mbili yake, moja kwa ishirini na tano, mililita 40 kwa lita. Afanye hivyo, na apime kwa sindano ya dawa ya mifugo badala ya kukadiria kwa kizibo.

Kabureta aisetie majini, palepale atakapokimbizia, kamwe si mezani. Injini isiyo na mzigo hupanda mizunguko kupita kiasi na beringi ya konrodi ndiyo inayolipa. Aanze na skrubu ya H ikiwa imefunguka kuliko anavyopenda, injini ikibubujika kidogo. Akimbize mizunguko michache hadi mwisho, aizime ikiwa bado ina kasi, aivute, atoe plagi. Nyeusi na yenye mafuta, afunge robo ya nusu mzunguko tu, yaani moja ya nane. Rangi ya chai ya maziwa, aache hapo hata kama sikio linamwambia bado kidogo. Nyeupe, afungue mara moja. Na siku akihama, kutoka Kitale kwenda Bungoma, kabla hajawasha chochote afungue moja ya nane kisha aanze upya.

Silinda iliyoshika usiitupe. Silinda hizi si kama za boda boda ambazo fundi anaweza kuzichonga akaweka pistoni kubwa. Ndani zimepakwa utando mgumu wa kromi au nikeli, ukiuchonga umekwisha. Mara nyingi, hata hivyo, unachokiona si silinda kuharibika bali ni alumini ya pistoni iliyoganda juu ya utando. Asidi ya haidrokloriki, ile ya kusafishia vigae inayouzwa hadweya, huila alumini hiyo na kuuacha utando wa nikeli, lakini wa kromi huweza kuula pia. Vaeni glavu na miwani, fanyeni nje penye upepo, pakeni kwa kijiti chenye pamba juu ya doa tu. Itatoa povu. Povu likiisha, doa limekwisha. Suuzeni kwa maji yenye magadi, kausheni, pakeni oili mara moja. Msiiache ifike kwenye matundu, kwa sababu pale alumini ya silinda yenyewe iko wazi na italika. Povu likikataa kuisha, utando umetoboka na hiyo silinda imekufa kweli. Mfanye hivi na silinda ya boti, kisha mhesabu ni silinda ngapi za wateja umewahi kuzitupa ambazo zingepona. Katika mji ambao kazi ya pawaso ilipungua baada ya marufuku ya kukata miti ya Februari 2018, hiyo ni riziki.

Kuhusu tupa na matundu, akataze mikono yake isiguse silinda nzima kwa sasa. Tundu la egzosi likiinuliwa hata kwa milimita moja, nguvu ya injini inahamia juu kwenye mizunguko mikubwa na chini inabaki dhaifu. Kingo zisipolainishwa ringi inanasa na kukatika. Bila shaka una silinda mbovu chini ya meza. Azichonge hizo kwanza, azipime kabla na baada, ajue kila milimita imefanya nini kwenye mzunguko wa kranki.

Hiyo egzosi anayoiota ni kitu kizuri, namwelewa. Walter Kaaden, mhandisi wa pikipiki za MZ kule Zschopau, Ujerumani Mashariki, aliifanyia kazi miaka ya 1950 hadi wimbi la moshi linaporudi likawa linaisukuma ndani ya silinda petroli mbichi iliyokuwa ikitoroka. Mwaka 1961 mpanda pikipiki wake Ernst Degner alitorokea Magharibi na ujuzi huo, akaenda Suzuki, na mwaka 1962 Suzuki wakachukua ubingwa wa dunia wa cc 50. Mtu alihama nchi na siri ya bomba hilo. Ila linafanya kazi katika mizunguko michache tu, urefu wake ukikosewa linazuia, na linapoanza kuvuta injini inadai petroli zaidi ghafla. Kwa mtu ambaye bado hajaweza kuisoma plagi, ni pistoni nyingine iliyoungua. Mwambie: boti ikimaliza matangi kumi bila kushika, nusu huko Kitale na nusu Bungoma, mtazungumza habari ya egzosi, kwa pesa yake.

Boti basi usiivunje. Mpe kona yake, saa zake baada ya kufunga kazi, na injini yake iliyonunuliwa ikiwa mbovu, ili asiwe na sababu ya kunyoosha mkono kwenye rafu ya wateja. Akirudia kuchukua kitu cha mtu, hapo ndipo umrudishe kwao, na hakuna atakayekulaumu. Mwaka huu pia umpeleke afanye mtihani wa mafundi wa NITA, gredi ya 3. Unapima kazi ya mikono, na karatasi hiyo ndiyo itakayomtuliza dada yako kuliko maelezo yoyote yangu au yako.

Kwa dada uende mwenyewe. Wapigie simu wale wateja wa Bungoma waliolalamika, wapange mashine zao siku moja, mteremke wewe na mpwa wako mkiwa na bisibisi na plagi za akiba, mziseti palepale zikiwa ndani ya gogo, yeye ageuze skrubu na wewe usikilize. Kila mashine ifungwe kikaratasi kinachosema imesetiwa wapi. Jioni mpite nyumbani. Luliki ulimvika wewe, una haki ya kumweka mbele ya mama yake aongee kama mtu mzima: aanze na habari ya wale watoto wa bwawani, kisha ya pistoni ya mteja na jinsi alivyoilipa. Habari ya injini ije mwisho, mama yake akiiuliza.